SOMO LA WIKI: Gari-nyumba lisawazishwe kwa upepo au kwa mafuta?

MWAKA 2021 viwanda vya Marekani vilipeleka kwa wauzaji magari-nyumba na matrela ya kulala zaidi ya 600,000, idadi ambayo haikuwa imefikiwa kabla ya hapo. Mwaka 2023 idadi hiyo ilishuka hadi takriban 313,000. Magari yaliyotoka viwandani wakati wa mbio zile sasa ni mitumba, na mnunuzi mwenye fedha taslimu anaweza kuchagua.

Kwa kawaida mnunuzi huyo hukagua injini, matairi, maili zilizotembewa na rangi. Kitu kinachopitwa mara nyingi ni mfumo wa kusawazisha gari linapoegeshwa. Mfumo huo ukiharibika kabisa, matengenezo yake hufika maelfu ya dola. Ukitumiwa vibaya, unaweza kuua mtu.

Sokoni ipo mifumo ya namna mbili: wa upepo na wa mafuta, yaani haidroliki. Wauzaji hupenda kuusifu ule uliopo kwenye gari wanaloliuza, kwa hiyo ni vizuri mnunuzi ajue kila mmoja unafanya kazi vipi kabla hajafika uwanjani.

Hasara inaanzia kwenye friji

Gari-nyumba likiegeshwa kwenye mteremko, watu hulala vichwa vikiwa chini ya miguu, maji ya bafu hayaendi kwenye tundu, na milango ya makabati hujifungua yenyewe. Hizo ni kero tu. Hasara ya fedha iko kwenye friji.

Magari-nyumba mengi, hasa ya miaka iliyopita, yana friji inayoendeshwa kwa moto wa gesi au kwa hita ya umeme. Friji ya aina hiyo ilibuniwa Sweden mwaka 1922 na Baltzar von Platen na Carl Munters, na haina pampu wala mota ya kusukuma kitu. Ndani yake mna amonia, maji na haidrojeni. Joto huichemsha amonia ipande juu, na kimiminiko hurudi chini kwa uzito wake chenyewe kupitia mabomba yenye mwinamo mdogo.

Gari likiinama sana, kimiminiko hukwama njiani huku moto ukiendelea kuwaka. Bomba la kuchemshia hupata joto kupita kiasi, dawa iliyowekwa ndani kuzuia kutu huharibika na kuganda, na njia huziba. Kuziba huko hakuponi. Kila safari ya kuegesha vibaya huongeza kidogo, mpaka siku friji inapokataa kupoza kabisa. Gari likiwa linatembea hakuna tatizo, kwa sababu mwinamo hubadilika kila dakika.

Friji nyingi za aina hii huvumilia mwinamo wa nyuzi 3 upande kwa upande na nyuzi 6 mbele kwa nyuma. Nyuzi 3 ni kidogo kuliko mtu anavyodhani. Kwa gari ambalo magurudumu yake ya kushoto na kulia yameachana mita 2, ni tofauti ya sentimita 10 tu za kimo. Uwanja unaoonekana tambarare kwa macho unaweza kuzidi hapo.

Itajwe hapa kwamba magari mapya mengi yanafungwa friji za kompresa, kama zile za majumbani, nazo hazisumbuliwi sana na mwinamo. Mnunuzi wa gari lenye friji hiyo anasawazisha kwa ajili ya usingizi wake, na anaweza kuridhika na mfumo usio sahihi sana.

Nguvu inavyopatikana

Mfumo wa upepo hautengenezwi upya kutoka mwanzo. Hutumia mifuko ya mpira ambayo tayari imebeba gari mahali pa springi, kama ilivyo kwenye mabasi makubwa ya masafa marefu. Kompresa inayojaza tangi la breki ndiyo hiyo hiyo inayojaza mifuko. Kilichoongezwa ni valvu zinazofungua na kufunga kila kona peke yake, pamoja na kifaa cha kupima mwinamo. Kona iliyo chini huongezwa upepo, na iliyo juu hupunguzwa.

Mfumo wa mafuta ni mali tofauti kabisa. Pampu inayotumia umeme wa betri, volti 12, husukuma mafuta kwenda kwenye jeki tatu au nne zilizofungwa kwenye chasisi. Jeki hushuka, hugusa ardhi na kuinua gari.

Tofauti ya nguvu huonekana kwa hesabu rahisi. Pampu ya haidroliki inaweza kufikia msukumo wa karibu kilo 210 kwa kila sentimita ya mraba. Bastola ya jeki yenye kipenyo cha sentimita 5 ina eneo la sentimita za mraba zisizofika 20, na kwa msukumo huo inanyanyua kilo 4,100 hivi. Upepo wa gari huwa karibu kilo 7 kwa sentimita ya mraba. Ili unyanyue mzigo ule ule, unahitaji mfuko wenye kipenyo cha zaidi ya sentimita 27. Ndiyo maana mfuko wa upepo ni mpana kama ndoo, na bastola ya jeki inaenea kiganjani.

Kimo nacho kinatofautiana. Mfuko unaweza kuinua au kushusha kona kwa sentimita chache tu, kadiri springi inavyoruhusu. Jeki za aina nyingi hutoka zaidi ya sentimita 30. Kwenye uwanja mbovu, mwenye upepo huhama kutafuta mahali pengine wakati mwenye mafuta amekwisha weka chai jikoni.

Usiku wa baridi

Upepo hubanika; mafuta karibu hayabaniki. Jambo hilo moja hueleza malalamiko mengi yanayosikika viwanjani.

Katika jangwa la Arizona, kwenye mji mdogo wa Quartzsite, magari-nyumba hukusanyika kwa wingi kila kipupwe. Mchana huwa na jua, usiku baridi kali. Tuseme gari limesawazishwa jioni kwenye nyuzi joto 30, na alfajiri ni nyuzi 5. Hewa iliyofungwa ndani ya mfuko, ikiwa imebeba uzito ule ule, husinyaa kwa asilimia 8. Mfuko wenye urefu wa sentimita 25 hushuka karibu sentimita 2 bila hata tundu la sindano. Ukiongeza kuvuja kidogo kwenye valvu au viungio, gari linaamka limeinama kona moja.

Mifumo mingi ya upepo hujirekebisha yenyewe usiku kwa kutumia kompresa ndogo ya umeme. Hapo hapo linaanza tatizo lingine: kompresa hula betri na kupiga kelele saa nane za usiku. Isitoshe, mtu anayetembea ndani huhisi gari likiyumba.

Mafuta nayo husinyaa, lakini kwa tofauti hiyo ya joto ni chini ya asilimia 2. Jeki iliyotoka sentimita 30 itashuka nusu sentimita hivi, pengine kwa mshtuko mdogo na mlio unaomwamsha aliyelala. Gari lililokaa juu ya jeki huwa imara kama nyumba, na kwa jambo hili mafuta yanashinda waziwazi.

Chasisi ndiyo inayoamua

Hata hivyo, swali la ipi ni bora mara nyingi limekwisha jibiwa kiwandani. Gari la injini ya petroli lililojengwa juu ya chasisi ya Ford F53 lina springi za chuma. Halina mifuko wala tangi la upepo, kwa hiyo kulitafutia mfumo wa upepo ni kupoteza fedha. Hilo ni la jeki.

Gari lililojengwa kwenye basi la Prevost, lenye tani 20 na zaidi, tayari lina mifuko, kompresa na matangi. Kusawazisha kwa upepo hapo kunaongeza gharama ndogo na uzito mdogo. Katikati yapo magari ya dizeli, mathalani yenye chasisi za Freightliner, ambayo hutembea juu ya mifuko ya upepo lakini husimama juu ya jeki za mafuta. Dereva huachia upepo kwanza ili gari lishuke, kisha huteremsha jeki. Gari la namna hiyo lina mifumo miwili ya kukaguliwa, na mnunuzi asikubali kuoneshwa mmoja.

Hatari mbili

Hatari ya kwanza ni ya jeki peke yake. Breki ya kuegesha ya magari haya hushika magurudumu ya nyuma. Jeki zikiyanyanyua magurudumu hayo hadi yaache ardhi, hakuna breki tena. Gari linaweza kuteleza na kuanguka kutoka kwenye jeki zake. Kama sehemu ya nyuma lazima inyanyuke hivyo, gari lihamishwe au magurudumu ya nyuma yawekewe mbao pana chini kabla ya kuanza. Mfumo wa upepo hauna hatari hii, maana magurudumu yote hubaki chini.

Ya pili inahusu mifumo yote. Mfuko ukipasuka, valvu ikifunguka au bomba la mafuta likikatika, chasisi hushuka ghafla na aliye chini yake hana nafasi ya kutoka. Fundi asiingie uvunguni mpaka chasisi imeegemea stendi za chuma zinazoweza kubeba uzito wake.

Ardhi laini pia ina hesabu yake. Jeki yenye mzigo wa kilo 2,500 na kikanyagio cha sentimita 25 kwa 25 hukandamiza ardhi kwa kilo 4 kila sentimita ya mraba. Ubao mnene wa sentimita 50 kwa 50 hupunguza hizo kuwa kilo 1. Bila ubao, baada ya mvua jeki huzama.

Kukagua kabla ya kulipa

Mnunuzi aombe gari liachwe limesawazishwa usiku kucha, mfumo wa kujirekebisha ukiwa umezimwa. Jioni aweke pima-maji sakafuni na kupima kwa futi kimo cha kila kona kutoka ardhini, aandike. Asubuhi apime tena. Kushuka kidogo kwa kona zote nne kwa pamoja ni baridi. Kona moja iliyoshuka sana kuliko wenzake inavuja.

Kwa upepo, afungue valvu ya chini ya tangi. Maji mengi au mafuta yakitoka, kikausha hewa hakifanyi kazi, na valvu za kusawazisha huenda zimekwisha anza kutu. Kwa mafuta, apitishe kitambaa kwenye bastola za jeki: zikiwa na mikwaruzo au vidoa vya kutu, sili zitakatika. Kisha azirudishe juu na kuhesabu muda. Jeki moja ikichelewa mno nyuma ya nyingine, springi yake imechoka au bastola imepinda.

Muuzaji anayekataa gari lilale hivyo usiku mmoja apewe bei ya gari lisilo na mfumo wa kusawazisha.