Dondoo Muhimu: Kumtayarisha Mteja kwa Usuguaji wa Ngozi

Usuguaji wa ngozi kwa mashine, uitwao maikrodemabrezheni, huondoa tabaka ya juu tu. Walakini katika komini ya Annexe, iuzungukayo Lubumbashi, ambako jua kali na vumbi la kiangazi huidhuru ngozi, kazi ifanywayo kwa pupa yaweza kuacha mabaka meusi yasiyofutika upesi. Basi mwenye saluni na azingatie haya:

1. Muulize mteja faraghani, bila kumtahayarisha, kuhusu krimu za kung'arisha. Haidrokwinoni na steroidi hudhoofisha ngozi, hivyo akizitumia ahirisha, umwelekeze kwa tabibu.
2. Mwagize aache retinoli na asidi za kuambua ngozi juma 1 kabla.
3. Usimhudumie aliyemeza isotretinoini ndani ya miezi 6, ila kwa idhini ya daktari.
4. Mwahirishe mwenye malengelenge ya homa, chunusi zilizotunga usaha, jeraha au ngozi iliyobabuliwa na jua.
5. Mwenye makovu yavimbayo, kisukari, au atumiaye dawa za kuzuia damu kuganda, apate kwanza shauri la tabibu.
6. Mkataze kung'oa nywele za uso kwa nta juma zima kabla.
7. Nawa mikono, mfunike mteja macho, tumia ncha safi, ujaribu sehemu ndogo kwa nguvu hafifu.
8. Mhimize atumie krimu ya kinga ya jua, SPF 30 au zaidi, na kofia.

Ngozi ya mteja ni amana. Ukiingiwa na shaka, ahirisha.