CHUMBA CHA AKIBA: RAFU ZA WAZI AU KABATI LA UKUTANI?

Watu wengi wajengapo nyumba mpya husahau chumba cha akiba. Sebule hupimwa, vyumba vya kulala hupimwa, hata mahali pa kulaza baiskeli hufikiriwa. Lakini chakula cha mwaka mzima huachiwa pembe iliyobaki, nyuma ya mlango au uvunguni mwa kitanda. Baadaye seremala huitwa, naye huuliza, "Bwana, tukutengenezee rafu au kabati la ukutani?" Bwana hujibu kabati, kwa kuwa kabati lina milango na hupendeza macho ya wageni. Leo twapenda kulichungua jibu hilo, maana twaona kwamba mara nyingi si jibu jema.

Wazee wetu hawakukosa maarifa katika jambo hili. Huko pwani, katika nyumba za mawe za Lamu, walijenga zidaka ndani ya unene wa ukuta, na vyombo vyao vikakaa humo vikionekana, bila milango na bila kula nafasi ya chumba. Bara, mahindi ya mbegu yalitundikwa darini juu ya meko, moshi ukayakausha na kuwazuia wadudu. Na nafaka nyingine ilitiwa katika vihenge vilivyoinuliwa juu ya miguu. Ukitazama vizuri utaona shauri moja katika hayo yote: kitu cha akiba kiwe mahali pakavu, kisigusane na ardhi, na mwenye nyumba aweze kukiona.

Sasa tazama kabati lililopigiliwa ukutani. Ukuta wa udongo au wa matofali hunyonya maji ya mvua kutoka nje, tena hunyonya unyevu kutoka chini katika msingi. Ukiwa wazi, hukauka jua litokapo. Ukifunikwa na mbao, unyevu hauna pa kutokea. Masika moja yatosha kuota ukungu nyuma ya mbao, na toka hapo hauwi mbali na unga na karanga. Tena lile giza la ndani ni raha kubwa kwa mende na panya.

Na ukungu si jambo la harufu tu. Uko ukungu utoao sumu iitwayo sumukuvu, nayo huingia hasa katika mahindi na karanga zilizowekwa kabla hazijakauka sawasawa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, zikiwamo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 ugonjwa huo ulitokea Tanzania pia, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba twazungumza habari za mapambo ya nyumba.

Yuko na adui mwingine apasaye kujulikana na kila atakaye kununua mbao. Ni dumuzi, mdudu mdogo mweusi kama punje ya mtama iliyoungua, ambaye kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitambuliwa katika mkoa wa Tabora, akaenea toka huko katika nchi nyingi za Afrika. Hula mahindi na makopa ya muhogo hata yakawa vumbi. Lakini neno ambalo wengi hawalijui ni kwamba jamaa zake ni watoboa miti, na yeye mwenyewe aweza kujificha katika mbao na fito akingoja mavuno mapya. Basi mtu akijenga rafu kwa fito zenye maganda, amemjengea mgeni huyo chumba cha kulala. Zitumike mbao zilizorandwa pande zote. Mninga na mvule hushindana vizuri na mchwa. Paini ni rahisi kwa bei, lakini itiwe dawa ya mbao mapema, ikauke kabisa na kuisha harufu kabla ya kuingia chumbani.

Tuje katika vipimo. Kwanza ihesabiwe akiba, ndipo chumba. Tuseme nyumba fulani hula kilo 2 za mahindi kwa siku. Hizo ni kilo 60 kwa mwezi, na kwa miezi 10 ni kilo 600, yaani magunia 6 ya kilo 100. Gunia lililolazwa hutaka nafasi ya karibu futi 3 kwa futi 2. Ukilaza mawili ubavu kwa ubavu na kupandisha matatu kwenda juu, magunia yote 6 yatakaa juu ya uchaga wa futi 4 kwa futi 3.

Chumba cha futi 8 kwa futi 6 chatosha. Uchaga uwekwe mwisho wa chumba, mbali na mlango, ukiacha futi 1 kutoka ukuta wa nyuma na futi 1 kila upande. Nafasi hii huwaudhi watu. Huiona kuwa hasara, wakajaza majembe na magunia matupu. Isijazwe. Ndiyo njia ya hewa, njia ya ufagio na njia ya paka. Uchaga nao uinuke futi 1 kutoka sakafuni, ili mtu ainame aone chini yake.

Sehemu iliyobaki mbele ni ya rafu. Ukuta mmoja upigwe rafu za wazi zenye upana wa inchi 12, zisizidi. Rafu pana huficha vitu vya nyuma, na kitu kilichofichika huharibika bila habari. Mbao za unene wa inchi 1 zishikwe na miguu kila baada ya futi 2 na nusu, maana debe la lita 20 likijaa mafuta au maharagwe si mzigo mdogo. Kati ya ubao na ukuta iachwe nafasi ya inchi 2. Vitu vizito viwe chini, vyepesi juu. Maharagwe na kunde vitiwe katika madebe au ndoo zenye vifuniko vinavyobana, na tarehe iandikwe kwa chaki ubavuni, ili vya zamani viliwe kwanza. Chumvi ikae peke yake, kwa kuwa huvuta maji. Sabuni na mafuta ya taa visikae karibu na unga wala majani ya chai.

Je, kabati halina kazi? Linayo, ila ndogo. Ukuta wa pili, ule wa ndani usiopigwa na mvua, waweza kubeba kabati moja la kina cha inchi 18, lenye kufuli, kwa sukari, mafuta ya kula, na vyombo vya siku za wageni. Mgongo wake nao usiguse ukuta, na milango itobolewe chini na juu, matundu yakafunikwa kwa wavu wa waya. Kwa vipimo hivi, katikati itabaki njia ya futi 3 na kidogo, nayo yatosha mtu mwenye mzigo. Lakini dawa za kuulia wadudu na za mashambani zisiingie katika kabati hilo hata kwa siku moja, wala zisimiminwe katika chupa za soda. Ziwe na sanduku lao la kufuli, nje ya nyumba.

Huenda msomaji akatuuliza habari za mifuko ya siku hizi yenye tabaka 3, ambayo ilianza kutengenezwa kwa ajili ya kunde huko Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980. Ni mizuri, maana wadudu waliomo hukosa hewa wakafa bila dawa. Ila panya akitoboa mfuko kazi imekwisha. Na tena nafaka mbichi ikifungiwa humo huoza upesi. Kwa hiyo ipimwe kwanza. Tia punje katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, kisha acha itulie. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado ni mabichi. Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili darasani kwa dakika chache.

Dirisha liwe dogo, juu, lenye wavu wa matundu ya robo inchi. Lifunguliwe siku kavu na kufungwa wakati wa mvua. Chini ya mlango upigwe ukanda wa bati, maana panya mdogo hupita penye tundu la unene wa kalamu.

Tena twawaomba akina baba, kabla seremala hajakata ubao wa kwanza, mama wa nyumba aitwe asimame chumbani na kuinua mkono. Pale afikapo kwa vidole bila kupanda kiti ndipo iwapo rafu ya juu ya vitu vya kila siku. Tumeona rafu nyingi zilizopimwa kwa urefu wa fundi, ambazo leo zina vumbi tu.

Sakafu ikiwa ni ya saruji, isipokewe kwa macho. Jioni tandika karatasi ya nailoni juu yake, uikandamize kingo zake kwa mawe, na asubuhi uifunue. Ukikuta matone chini yake, sakafu ingali inatoa maji. Ngoja wiki nyingine, na magunia yakae kwa jirani.