Chemirocha: Mwimbaji Aliyezuru Kapkatet Bila Kufika

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Je, mgeni asipokuja mwenyewe, ikaja sauti yake tu, mwenyeji atapona? Hilo ndilo swali la somo letu la leo.

Wanachama wenzangu, sote tunajua ziara ya mwanamuziki ni nini. Kuna ndege, jukwaa, vipaza sauti, tikiti na watu kukanyagana langoni. Kwa mfano, Bob Marley wa Jamaika alisafiri hadi Zimbabwe mwezi wa Aprili 1980, akaimba katika uwanja wa Rufaro usiku ule taifa hilo lilipopata uhuru. Lakini iko ziara ya namna ya pili, ambapo wimbo husafiri na mwimbaji akabaki kwao. Ziara kama hiyo ilipita papa hapa petu, Kapkatet, katika Bureti.

1. MWIMBAJI MWENYEWE

Jimmie Rodgers alizaliwa mwaka 1897, kusini mwa Marekani. Kabla ya kuwa maarufu alikuwa mfanyakazi wa reli. Ugonjwa wa kifua kikuu ulimfanya aiache kazi hiyo, akashika gitaa. Mwezi wa Agosti 1927 alirekodi nyimbo zake za kwanza mjini Bristol, Tennessee, na baada ya muda mfupi jina lake likavuma nchi nzima. Alitunga na kuimba, na alikuwa na mtindo wake wa kuirusha sauti ghafla kutoka chini kifuani hadi juu kabisa, kisha kuirudisha. Wengine walidhani ni mnyama analia!

Huko kwao alizunguka sana. Aliimba katika mahema, na mwaka 1931 alifanya ziara pamoja na mchekeshaji Will Rogers kuchangisha pesa za kuwasaidia watu waliopatwa na ukame. Lakini kifua hakikumpa nafasi. Mwezi wa Mei 1933 alikuwa New York akirekodi nyimbo za mwisho, hata ikabidi awe analala kitandani kupumzika kati ya wimbo na wimbo. Alifariki tarehe 26 mwezi huo huo, akiwa na umri wa miaka 35. Kericho hakuiona.

2. ZIARA YA SANTURI

Sasa alifikaje kwetu? Miaka ya 1920 mashamba makubwa ya chai yalipoanza kupandwa Kericho, Wazungu walikuwa wakiingia na vyombo vyao, na kimojawapo kilikuwa gramafoni. Chombo hiki hakikuhitaji umeme. Ndani yake mna springi. Unaizungusha kwa mkono kama vile unavuta maji kisimani, santuri inaanza kuzunguka mara 78 kwa dakika, sindano inafuata mifereji, na sauti inatokea. Upande mmoja wa santuri ulichukua wimbo wa kama dakika tatu hivi. Basi mtu angeweza kusikiliza gitaa la Marekani katikati ya majani chai, mahali ambapo hata taa ya stima haikuwepo.

Wenyeji waliosikia sauti hiyo hawakuona mtu. Hawakujua Kiingereza cha nyimbo hizo. Walichopata ni jina na sauti. Kwa hivyo mengine waliyajaza wenyewe, na hapo ndipo utamu wa habari hii ulipo.

3. JINA LILIVYOGEUKA

Mwalimu hutufundisha kwamba utohozi ni kulichukua neno la kigeni na kulivalisha nguo za lugha yetu. Kiswahili kilichukua "cupboard" kikapata kabati, na "Schule" ya Wajerumani ikawa shule. Wakipsigis nao walifanya kazi hiyo hiyo kwa jina Jimmie Rodgers. "Ji" ikawa "che", "mi" ikabaki, na "Rodgers" ikawa "rocha". Ukiunganisha unapata Chemirocha. Tazama vile jina limekaa! Si tuna akina Cherono, Chelangat na Chepkemoi hata darasani? Mgeni alipewa jina ambalo likiitwa kwenye rejista hakuna mtu angegeuka kuangalia.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kunasa sauti, alifika Kapkatet. Aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiwa na Chemutoi Ketienya, wakiimba juu ya Chemirocha, huku kinubi kinachoitwa chepkong kikipigwa. Tracey alieleza kwamba katika wimbo huo Chemirocha amekuwa kiumbe nusu mtu nusu swala, na wasichana wanamkaribisha acheze mpaka suruali imwanguke. Kumbe mtu waliyekuwa wakimwalika alikuwa kaburini miaka 17!

Wengine husikia habari hii wakacheka, wakisema wazee wetu hawakuelewa kitu. Mimi sikubaliani nao. Mtu asiyeelewa hunyamaza. Hawa walichukua sauti ya mgeni, wakaipa jina, mwili, ngoma na utani. Huo ni utunzi kamili, sawa na ule tunaoufanyia mtihani katika fasihi simulizi.

4. ZIARA YA PILI

Kisha safari ikageuka. Sauti ya Kapkatet nayo ikapanda gari. Tracey alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini mwaka 1954, na leo maktaba hiyo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda. Kutoka huko wimbo wa Chemirocha ulitolewa katika santuri, ukasikilizwa na watu wa nchi za mbali ambao hawawezi kuionyesha Bureti kwenye ramani.

Ni mwaka 2014 ndipo watu wa maktaba hiyo, wakishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, walipozirudisha rekodi hizo Kapkatet. Baadhi ya waliokuwepo mwaka 1950 walipatikana wakiwa hai. Hesabu mwenyewe: 1950 hadi 2014 ni miaka 64. Msichana wa miaka 16 kama sisi alikuwa amefika 80. Wengi wa wenzake walikuwa wameshatangulia mbele ya haki kabla sauti zao kurudi nyumbani.

5. FUNZO KWETU

Jibu la swali letu ni hili: sauti ya mgeni iliwaponya wenyeji kwa kuwapa wimbo mpya, lakini wimbo wao wenyewe ulitembea dunia ukawaacha nyuma. Bila Tracey tusingekuwa nao, hilo lazima tukiri. Lakini si lazima tungoje mtu atoke ng'ambo. Siku hizi simu yoyote inanasa sauti. Nyanya zetu wanaimba wakichuma chai na wakibembeleza watoto, na wimbo usiponaswa unakwenda na mwenyewe.

Napendekeza chama chetu kifanye hivi likizo ijayo: kila mwanachama arekodi wimbo mmoja nyumbani kwao. Kwanza aombe ruhusa. Pili, aandike jina la mwimbaji, kijiji na tarehe. Tatu, na hili ndilo kubwa, amrudishie mwimbaji asikilize siku hiyo hiyo, asingoje miaka 64.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja maneno matano ya kutoholewa yanayotumika katika kazi ya chai.
2. Je, wimbo wa Chemirocha ni wa Rodgers au ni wa Wakipsigis? Toa sababu.
3. Anayerekodi wimbo wa mzee ana wajibu gani kwake?