Mdogo Wangu, Uliza Kabla ya Kupiga Kiki

Haya, mdogo wangu, vuta stuli tuongee. Nasikia huko mtaani kwenu Kiandutu maneno ya steji ya bodaboda siku hizi ni safari ya Mpeketoni, Lamu, tu. Desemba inakaribia, nauli ya basi inapanda, pikipiki ipo, na kuna kijana amewaapia wenzake kwamba hiyo ni safari ya siku moja. Si lazima useme ni wewe. Hamu yako naielewa. Watu wengi wa kwetu walihamia kule serikali ilipogawa mashamba kando ya Ziwa Kenyatta miaka ya 1970, na kama shosho yuko huko, kwenda kumwona ni baraka. Sikukatazi kwenda. Nakukataza kwenda kichwakichwa.

Hebu tuipime hiyo njia. Ukitoka Makongeni ukashika Garissa Road, unapita Matuu, unapita Mwingi, na mpaka Garissa ni zaidi ya kilomita 300. Kabla hujavuka Mto Tana uko Madogo, na hapo unakata kuelekea Bura, Hola na Garsen, zaidi ya kilomita 200 nyingine. Toka Garsen kupitia Witu hadi Mpeketoni bado ni safari nyingine. Sasa hiyo siku moja iko wapi? Tenga siku mbili ukiwa na adabu, tatu ukiwa na akili.

Mpaka Mwingi utajiona bingwa. Vibanda vipo, watu wapo, hata pancha inazibwa upesi. Ukiuacha mji huo, nyika inakupokea: miiba, mbuzi, ngamia, na jua lisilojua huruma. Na joto la kule ni janja. Upepo hukukaushia jasho kabla hujalihisi, ukadhani mwili uko sawa. Kumbe kichwa kinaanza kugonga, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, unaanza kusahau gia uliyoweka. Hapo si pa kujikaza. Simama kivulini, vua koti na helmeti, jimwagie maji, unywe kidogokidogo. Pakiti mbili tatu za ORS hazina uzito mfukoni. Tembea alfajiri inapopambazuka, pumzika jua la utosi, endelea alasiri. Na maji yako yasifanane na mafuta yako: petroli usiitie kwenye chupa ya soda, maana mwenye kiu hasomi kibandiko.

Usiku? Usiniambie habari za usiku. Ngamia ana rangi ya vumbi na haogopi honi. Taa yako inapomfikia, na wewe umeshamfikia. Jua likielekea kuzama, tafuta pa kulala mjini.

Najua mnavyojipima pale stejini. Anayesema "wacha nifikirie" anaitwa mwoga, na kijana wa watu anapanda pikipiki ili tu asichekwe. Mdogo wangu, hao wanaocheka hawatakuja kukusukumia pikipiki kule nyikani Bangale. Kuuliza si ujinga. Uliza madereva wa lori, uliza kila unapotia mafuta: mbele kukoje leo? Uliza hasa wakati wa mvua. Mafuriko ya El Niño ya mwishoni mwa 2023 yaliikata barabara pale Madogo, na Aprili 2024, katika mafuriko mengine, mashua iliyokuwa ikivusha watu hapo ilipinduka, watu wakafa. Maji yakifunika lami, usipime kina kwa pikipiki yako.

Uliza pia habari za usalama, na hapo sitanii. Mpeketoni yenyewe ilivamiwa Juni 2014, watu zaidi ya 60 wakauawa, na Msitu wa Boni hauko mbali. Kati ya Garsen na Lamu utakuta vizuizi vya polisi, na kuna nyakati magari husindikizwa. Ukiambiwa subiri, subiri. Ukiambiwa rudi, rudi, wala usitafute njia ya panya. Kitambulisho, leseni na karatasi za bima ziwe karibu, si chini ya mzigo.

Na sasa lile ambalo hukutaka nilitaje: je, pikipiki ni yako? Kama ni ya tajiri, anangoja hela yake kila jioni, na hajui mali yake inaelekea Tana River. Kama ni ya mkopo, soma mkataba wako uone unaruhusu nini. Mwambie mwenyewe. Mwambie na mama. Wengi mnaficha kwa sababu mnajua atasema hapana, nami nakuelewa, kila mtoto hufanya hivyo. Lakini ukipata shida Hola na nyumbani wanajua uko Ruiru, nani atakutafuta? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lililovunjika halilipi mkopo.

Kabla ya kuondoka, fundi akague cheni, breki na tairi. Beba tyubu, pampu, plagi, waya wa klachi na spana zako. Helmeti vaa, hata jua likiwaka. Muwe pikipiki mbili, kila moja na mtu wake, mzigo mwepesi. Na mkifika Garissa mkaona mwili umekataa au njia imefungwa, lazeni pikipiki hapo, mpande basi la kurudi. Atakayekucheka, mwambie dada amesema.

Ukifika salama, nipigie, nitafurahi. Ila usinitumie ile picha ya mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye simu. Nitakugombeza mbele ya steji nzima, na unajua siogopi mtu.