Kitambi cha Baba na Moyo Wake

Hapa Thika na Ruiru mume akianza kuota kitambi, mkewe husifiwa kwamba anamtunza. Mimi nami nilimsifu hivyo mama mmoja wa jumuiya yetu. Sasa najuta. Mumewe alikuwa amefikia kulalia mito mitatu, maana akilala chali pumzi zilikatika, na kila jioni viatu vilimbana. Wote wawili walidhani ni uchovu wa kukaa kwenye matatu kutoka Nairobi.

Kumbe moyo ulikuwa unashindwa kazi. Kushindwa si kusimama: moyo unapiga, lakini hausukumi damu vya kutosha, na maji hubaki mapafuni na miguuni. Mwili mnene hudai damu nyingi zaidi. Tena mafuta ya ndani ya tumbo huzuia insulini kufanya kazi yake, basi sukari hupanda, presha nayo hupanda, na moyo unaosukuma dhidi ya presha miaka mingi kuta zake huwa nene na ngumu. Haya yote huenda bila maumivu. Huko Framingham, Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kuwa hatari hii kwa watu wanene sana ni karibu maradufu.

Akina mama, msidhani ni ya wanaume tu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta uzito uliozidi kwa asilimia 38.5 ya wanawake wa Kenya, wanaume 17.5.

Chukueni uzi, mpimane urefu, mkaukunje katikati. Usipotosha kuzunguka kiuno, nendeni pamoja mkapimwe presha na sukari. (Wangu haukutosha, mke wangu alicheka hadi machozi.) Lakini msiitane wanene mbele ya watoto.

Ugumu uko kwenye sahani. Tumefunzwa kwamba kumrundikia mtu ugali ndiyo kumpenda. Mama, punguza ugali na chumvi, ongeza sukuma wiki. Nawe baba, usikubali mezani kisha ukamalizie kwa nyama choma na soda.

Anayevimba miguu au kuamka usiku akitafuta pumzi asingoje kupungua uzito. Aende hospitali leo. Yule mume sasa humeza dawa kila asubuhi. Daktari alipomruhusu, alianza kushuka matatu kituo kimoja kabla, na mkewe humpokea njiani wakatembea.