Somo kwa Vyama vya Msingi: Mlio Usiojulikana Katika Lori la Chama

Lori ni mojawapo ya mali ghali kabisa ambazo chama cha msingi chaweza kumiliki. Katika Wilaya ya Iramba, ambako alizeti, pamba, vitunguu na mtama hulimwa mbali na barabara kuu, lori ndilo linalounganisha ghala la kijiji na Kiomboi, Misigiri na Singida. Likisimama wakati wa msimu, mazao hulala ghalani, wakulima hungoja malipo, na wachuuzi hupata nafasi ya kununua kwa bei waipendayo wao. Kwa hiyo ugonjwa wa lori huwahusu katibu, bodi na kila mwanachama, kama unavyowahusu dereva na fundi.

Somo hili lahusu ugonjwa mmoja unaovigharimu vyama fedha nyingi: mlio utokao chini ya gari, ambao kila mtu anausikia lakini hakuna ajuaye chanzo chake. Katibu akilielewa somo hili ataweza kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kutia sahihi hati ya malipo.

1. Safari ya nguvu kutoka injini hadi gurudumu

Nguvu ya injini ya dizeli hupita katika hatua tano. Kwanza hupita klachi, ambayo huunganisha na kutenganisha injini na gia. Pili huingia giaboksi, ambamo mwendo hupunguzwa na nguvu huongezwa. Tatu hupita shafti ndefu iliyo chini ya bodi, yaani propela. Katika malori marefu propela hukatwa vipande viwili au zaidi, na mahali pa kuungana hushikwa na senta beringi iliyofungwa kwenye chesisi ndani ya mpira. Kila kiungo cha propela kina krosi, yaani chuma chenye umbo la msalaba, ambacho huiwezesha shafti kuzunguka huku ikipanda na kushuka pamoja na springi. Nne, nguvu huingia difu, ambamo pinioni huzungusha krauni. Tano, haf shafti huipeleka nguvu hiyo kwenye habu na magurudumu.

Mlio waweza kutoka katika hatua yoyote kati ya hizo. Tena chesisi ni chuma, na chuma husafirisha sauti. Mlio wa katikati ya gari husikika kwa dereva kana kwamba unatoka chini ya kiti chake. Hapo ndipo makosa mengi huanzia.

2. Mfano wa kujifunza

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo.

Lori la chama kimoja lilikuwa likibeba alizeti kutoka upande wa Ndago. Dereva alimwarifu katibu kuwa gari, kila lilipoanza kupanda mlima likiwa na mzigo, lilitoa mlio wa “ko, ko, ko” na kutetemeka. Katibu alimwita fundi. Fundi aliliendesha gari uani, likiwa tupu, asisikie kitu. Kwa kuwa dereva alisema mlio unatoka mbele, fundi aliamua kuwa beringi za giaboksi zimekwisha. Bodi iliidhinisha ununuzi wa giaboksi iliyokwisha kutumika. Gari lilisimama siku tisa. Lilipotoka na mzigo wa kwanza, mlio ulikuwa pale pale.

Fundi wa pili alipofika hakushika spana. Alimwita dereva pamoja na utingo, akawauliza mmoja mmoja. Utingo, ambaye husafiri juu ya magunia, alijibu: “Mzee, mimi husikia chini ya miguu yangu, katikati ya bodi. Mbele hakuna kitu.” Alipoulizwa kwa nini hakusema mapema, alieleza kuwa hakuulizwa.

Fundi aliagiza gari lipakiwe magunia, akaenda nalo mahali penye mwinuko, akasikia mlio mwenyewe. Kisha gari liliegeshwa penye usawa, likawekewa vigingi, naye akaingia chini. Mpira wa senta beringi ulikuwa umechanika. Gari lilipovuta mzigo, shafti ilinyanyuka na kugonga chuma cha chesisi. Alama ya kugonga ilionekana wazi iking’aa. Krosi ya nyuma yake nayo ilikuwa kavu, kwa sababu chuchu ya grisi ilizibwa na tope la masika lililokauka. Senta beringi moja na krosi moja vilibadilishwa kwa siku moja. Giaboksi ya zamani, ambayo haikuwa na ubovu wowote, ilikuwa imekwisha uzwa.

Chama hicho kilipoteza mara tatu: fedha za giaboksi, siku tisa za msimu, na mali nzima iliyouzwa kama chakavu.

3. Kuutafuta mlio kwa utaratibu

Swali la kwanza la kuuliza ni hili: Mlio hutokea wakati gani? Jibu lake hupunguza mahali pa kutafuta.

(a) Gari limesimama, injini inanguruma, gia haijaingizwa. Kama mlio upo na unatoweka pedali ya klachi inapokanyagwa, yafaa kushuku beringi za giaboksi. Kama mlio huanza pedali inapokanyagwa, mshukiwa ni rilizi beringi ya klachi.

(b) Mlio husikika katika gia moja tu. Meno ya gia hiyo ndiyo ya kuchunguzwa. Kama mlio upo katika gia ndogo lakini hutoweka katika gia ipitishayo mwendo moja kwa moja, aghalabu kasoro imo katika shafti ya chini ya giaboksi, kwa kuwa katika gia hiyo shafti ya chini haibebi mzigo.

(c) Mlio hufuata mwendo wa gari, haufuati mwendo wa injini. Kwenye tambarare tupu dereva akanyage klachi na kuiacha injini ipunguze mwendo. Mlio ukiendelea kama ulivyokuwa, aghalabu chanzo ni propela, difu au magurudumu. Jaribio hili lisifanywe mteremkoni kamwe.

(d) Mshindo mmoja gari linapoondoka, au gesi inapoachiwa na kukanyagwa tena. Huonyesha krosi iliyolegea, bolti za flanji zilizolegea, au nafasi iliyozidi kati ya meno ya difu. Mlio mwembamba kama wa panya, gari likienda polepole, huonyesha krosi isiyo na grisi.

(e) Mtetemo katika mwendo fulani tu. Shafti yaweza kuwa imepinda, imeshikwa na tope upande mmoja, au imefungwa vibaya.

(f) Mvumo wa difu. Ukisikika gari linapovuta na kubadilika gesi inapoachiwa, pinioni na krauni havishikani sawasawa au beringi zake zimechakaa. Mlio wa kwenye kona tu hutoka katika gia ndogo za ndani ya difu au beringi za magurudumu. Habu iliyo moto kuliko wenzake baada ya safari nayo ni dalili ya beringi mbovu au breki inayoshika.

Swali la pili: Gari likiwa na mzigo au tupu? Mzigo hulaza springi na kubadilisha pembe ya propela. Gari lililougua likiwa na mzigo lipimwe likiwa na mzigo.

4. Matengenezo na usalama

Mtu asiingie chini ya lori linaloshikwa na jeki peke yake. Gari liwe penye usawa, magurudumu yazuiwe kwa vigingi, stendi imara ziwekwe, na ufunguo utolewe. Ikumbukwe pia kuwa katika baadhi ya malori breki ya mkono hushika propela. Propela ikifunguliwa, gari hilo halina breki ya mkono, na vigingi ndivyo vinavyolizuia.

Kabla ya kufungua flanji, fundi atie alama pande zote mbili, ili shafti irudi kama ilivyokuwa. Shafti itegemezwe, isiachwe kuning’inia. Krosi ikibadilishwa, vijiti vidogo vya beringi vilivyomo katika vikombe visianguke, na vizuizi vya vikombe vikae sawasawa katika mifereji yao. Vishikio vya krosi katika ncha mbili za shafti vielekee kama mtengenezaji alivyoagiza, maana vikipishana gari litatetemeka hata kama vipuri vyote ni vipya. Grisi isukumwe hadi itoke katika vikombe vyote vinne. Bolti ziwe za aina na urefu uleule, zikazwe kwa kipimo, na zikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza.

Oili ya difu na giaboksi itazamwe pia. Unga laini wa chuma kwenye kifuniko chenye sumaku ni kawaida. Vipande vya chuma ni dalili ya jino lililovunjika, na gari lisitembee tena hadi lifunguliwe. Oili isizidi kipimo, kwani katika difu yaweza kupita sili na kulowanisha breki.

Wako wanaosema kwamba mlio haulizuii gari kwenda. Nao wafikirie mteremko wa Sekenke, ambako barabara ya kwenda Shelui na Igunga hushuka kutoka nyanda za juu za Iramba hadi tambarare ya Wembere. Dereva aliyepakia tani nyingi hushuka hapo akitegemea injini imsaidie kulizuia gari. Krosi ikikatika, msaada wa injini hutoweka mara moja. Kama breki ya mkono ni ya propela nayo yaweza kutoweka, na breki za miguu hubaki peke yake, zikiwa zimekwisha pata moto. Krosi moja isiyopakwa grisi yaweza kuondoa roho za watu.

5. Wajibu wa katibu

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Lori halikosi kuhusika na usemi huo. Katibu ahakikishe yafuatayo:

Kwanza, daftari la safari liwe na nafasi ya kasoro, na dereva aandike siku, mahali, mzigo, gia na aina ya mlio. Utingo naye aulizwe.

Pili, siku za kupaka grisi na kubadilisha oili ziandikwe ukutani ofisini. Wakati wa mvua na mara baada yake, chuchu za grisi zisafishwe kila juma.

Tatu, fundi aandike sababu ya ugonjwa na jinsi alivyoithibitisha, kabla bodi haijaidhinisha kipuri kikubwa. Neno “giaboksi imekufa” halitoshi.

Nne, kipuri cha zamani kirudishwe ofisini, kifungwe karatasi yenye namba ya hati ya malipo, na kisiuzwe hadi gari lijaribiwe na mzigo na bodi iamue. Mkaguzi, awe wa chama kikuu au wa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (COASCO) lililoanzishwa mwaka 1982, akikuta hati ya malipo na kipuri chenyewe pamoja, mashaka mengi hayana nafasi.

Tano, taarifa ya matengenezo isomwe katika mkutano mkuu pamoja na hesabu nyingine. Mwanachama ana haki ya kujua kwa nini lori lake lilisimama.

Maswali ya majadiliano

1. Katika mfano uliotolewa, ni nani alikosea: dereva, fundi wa kwanza, katibu au bodi? Toeni sababu.
2. Kwa nini fundi wa kwanza hakusikia mlio?
3. Lori la chama chenu lilipakwa grisi lini mara ya mwisho? Imeandikwa wapi?
4. Dereva anaripoti mlio Ijumaa jioni, na kesho yake mzigo wa pamba unatakiwa ushuke Sekenke. Katibu afanye nini?
5. Vipuri vya zamani vya mwaka uliopita viko wapi?