Somo la Robo Hii: Mkongo wa Intaneti Unapopita Kijijini



Kamati nyingi hujikuta siku moja zikiletewa karatasi ya kutia sahihi: mkandarasi anaomba njia ya kupitisha mkongo wa intaneti, au faiba kama wengi wanavyouita, kando ya nyumba na mashamba. Katika somo hili tunaitumia Nduruma, kusini mwa Mlima Meru, kama mfano wa kujifunzia.

1. Mkongo ni nini?

Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Habari husafiri humo kwa mwanga, si kwa umeme. Nyuzi hizo hazina shaba ya kumvutia mwizi, wala hazipitishi umeme wa radi.

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa ukiwa umefika Dar es Salaam. Mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Kabla ya hapo tulitegemea zaidi setilaiti, kwa gharama kubwa. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukapeleka huduma mikoani, Arusha ikiwemo. Kwa jamii nyingi kilichobaki ni kilomita za mwisho, kutoka barabara kuu hadi shule, zahanati na nyumba.

2. Unalazwaje?

Huchimbwa mtaro, mara nyingi wa kina cha karibu mita moja. Hulazwa bomba la plastiki, udongo laini juu yake, kisha utepe wa onyo ili atakayechimba baadaye aone utepe kabla ya kugonga bomba. Mtaro hufukiwa na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Mkongo huvutwa au kusukumwa kwa hewa ndani ya bomba, na miungano huwekwa kwenye chemba.

Sehemu kubwa ya gharama ni kuchimba, si mkongo wenyewe. Kwa hiyo ombeni bomba la akiba lilazwe siku hiyo hiyo, ili ardhi isichimbwe mara ya pili.

3. Tujifunze kwa Nduruma

Mto Nduruma hushuka kutoka Meru na kulisha mifereji ambayo wakulima huitunza na kugawana maji yake kwa zamu. Mtaro ukikata mfereji siku ya zamu ya mtu, mahindi yake hukosa maji, na zamu hairudi kesho. Ukikata bomba la maji ya kunywa, kina mama na watoto ndio watakaotembea na ndoo. Na mtaro usioshindiliwa vizuri kwenye mteremko, mvua za masika huugeuza kuwa korongo.

Kabla ya kutia sahihi:
- Tembeeni njia yote pamoja na mkandarasi, kamati za maji na za mifereji, na mwenyekiti wa kitongoji. Ombeni wazee waonyeshe mabomba ya zamani.
- Andikeni nani atatengeneza kilichoharibika, kwa siku ngapi, na kwa fedha za nani.
- Pangeni kuchimba wakati wa kiangazi, na mtaro ulio wazi uzungushiwe uzio kwa ajili ya watoto na mifugo.
- Tunzeni nakala ya ramani katika ofisi ya kijiji na ya parokia.

4. Neno kwa wafadhili

Mkutanoni mtu atauliza: kwa nini intaneti, wakati maji hayatoshi, na vyanzo vingi vya Meru vina floraidi inayoharibu meno ya watoto? Ni swali la haki. Pengine jibu ni bomba la maji safi kufuata njia ile ile, kwa nafasi itakayoelekezwa na mafundi. Kama hilo haliwezekani, wananchi waelezwe sababu, na wao waamue kipi kitangulie.

Msaada usiishie kwenye mtaro. Bili ya kila mwezi, umeme na fundi vinahitaji mwenyewe. Mara nyingi ni busara kuanza na shule na zahanati, majirani wakafuata kadiri watakavyoweza kuchangia.

Maswali ya kujadiliana
1. Ni mabomba na mifereji gani inapita katika eneo letu, na nani anaijua?
2. Mwaka wa tatu, mradi ukiwa umekwisha, nani atalipa bili?
3. Nani katika jamii yetu hatafikiwa na huduma hii, na tutafanya nini juu yake?

Jadilianeni katika kikao kijacho, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Mungu abariki kazi za mikono yenu.